Suti Niliyomshonea Baluku

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kasese.

Joto la leo halina adabu. Mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi, lakini mvua haishuki. Nimefungua madirisha yote mawili, nimevua viatu, nimezima simu. Nimeizima kwa sababu nikiiacha wazi nitamtukana mtu, na mama yangu hakunilea hivyo.

Nina hasira. Wacha niiseme mapema ili nisijifanye mstaarabu.

Kwa msomaji ambaye hakukulia huku: zamani tulikuwa na Nyumba ya Vibuyu. Ilikuwa michezo ya vikaragosi, na aliyevitengeneza ni Mwalimu Kabugho, mama aliyefundisha chekechea kule Bwera. Vichwa vyao vilikuwa vibuyu vikavu vilivyochorwa macho na midomo, miili yao vitenge, na mikono iliyowachezesha ilikuwa ya mwalimu mwenyewe, nyuma ya shuka lililofungwa kwenye miti miwili. Jumamosi alicheza sokoni Bwera. Mwisho wa mwezi alikuja kwetu, kambi ya polisi hapa Kasese, maana mimi ni mtoto wa kambi. Baadaye wakaingia redioni, kwenye CD, hata kwenye majalada ya madaftari. Kisha vidole vya mwalimu vikavimba viungo na shuka likakunjwa.

Baba yangu alikuwa sajini, mtu wa Teso, mkali hadi paka wa jirani walimpisha njia. Nilimwona akicheka kwa sauti mahali pamoja tu, mbele ya shuka lile, Koplo Filimbi alipotokea. Koplo Filimbi alikuwa polisi wa kibuyu aliyefika nyumba za watu chakula kikiwa kinaiva, kila mara na upelelezi mpya. Baba alicheka hadi akavua kofia. Kwa hiyo mtu akigusa Nyumba ya Vibuyu, anamgusa baba yangu pia.

Sasa tuna kikundi kwenye simu, mashabiki tupu, cha kuifufua. Na mawazo yao, jamani.

Fundi mmoja wa simu hapa mjini, anayetaka tumwite Injinia, alianza kwa kusema vibuyu vimepitwa na wakati, tufanye katuni za kompyuta. Jamaa wa Bwesumbu anataka mama wa nyumba ile apikie gesi, eti moshi unatuaibisha mbele ya wageni. Unatuaibisha! Chungu kile na moshi wake ndio mchezo wenyewe. Ukiviondoa, Koplo Filimbi atanusa nini? Askari mmoja naye akaandika kwa ukali: "Koplo apewe misuli na bunduki. Afande hawezi kukimbizwa na mwiko, inaharibu jina ya kazi." Ndugu afande, kukimbizwa na mwiko ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwingine anataka wote waongee Kiingereza ili dunia ituelewe. Mwingine anataka Masereka, mtoto wa mwisho, apate mchumba. Masereka ana miaka saba!

Nilibishana nao wiki tatu. Nilishona sare za shule huku nikibishana, na kuna kaptula mbili zilizotoka kwangu na mifuko ya upande mmoja tu.

Lakini wazo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la Baluku.

Hapa lazima nieleze. Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hii, mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Katika Nyumba ya Vibuyu walikuwapo Bwambale, mlafi wetu, na Masereka, mjanja wetu, na mama yao aliitwa Mama Baluku. Ila Baluku mwenyewe hakuonekana hata siku moja. Kila mchezo Koplo Filimbi aliketi, akafungua daftari lake na kuuliza, "Baluku iko wapi?" Na Mama Baluku, bila kuinua macho kutoka kwenye chungu, alimjibu, "Kula kwanza." Koplo akala, akasahau upelelezi. Umati mzima ulipaza sauti pamoja na Mama Baluku: kula kwanza!

Likawa neno la mji. Mwalimu wa hesabu akiuliza daftari liko wapi, kula kwanza. Mama akimuuliza baba mbona amechelewa, kula kwanza. Injinia amelichapisha kwenye fulana.

Basi mashabiki wakaamua: onyesho la kwanza la ufufuo, Baluku arudi. Ashuke kwenye gari, suti, miwani myeusi, simu mbili. Kumbe alikuwa ng'ambo akitafuta maisha. Amnunulie mama jiko la gesi. Tukapiga kura na Baluku akashinda kwa mbali. Mtu mmoja tu alipinga, Masika, mama anayeuza kahawa Kyarumba, ambaye huwa haandiki kitu. Aliandika, "Muache huyo Baluku." Hakueleza. Watu wakamwekea vile vikatuni vya kucheka, safu nzima.

Kimoja kilikuwa changu.

Na kwa kuwa hii ni shajara yangu na si mahakama, wacha nikiri lote. Wazo la kumrudisha Baluku halikuwa la Injinia wala la yule wa Bwesumbu. Lilikuwa langu. Mimi, mtetezi wa vibuyu, mbishi wa wiki tatu, ndiye niliyeandika, "Tangu utoto nataka kumwona huyu Baluku." Mimi ndiye niliyetafuta kibuyu kizuri. Mimi ndiye niliyekaa kwenye cherehani nikamshonea suti ya rangi ya majivu, yenye bitana na mfuko wa ndani ambao mtu asingeuona. Injinia alichora uso na miwani tu.

Jana nilitumwa Bwera kumwomba mwalimu vikaragosi vyake vya zamani pamoja na baraka. Bila vile vibuyu hakuna onyesho. Hilo hata Injinia alilikubali mwishoni. Baluku nilimtia kwenye mfuko wangu. Nilitaka kumshtua mwalimu kwa furaha.

Nilimkuta uani akianika mihogo. Amepungua mwili, lakini sauti ni ileile ya nyuma ya shuka. Aliponikaribisha nilitamani kutazama pembeni nione Bwambale yuko wapi. Alinikumbuka kwa baba. "Mutoto ya afande ile ya kucheka," alisema, akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda.

Alinipakulia bundu na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Bundu ni ule ugali wa muhogo, na wake ulikuwa laini ajabu. Nikamweleza habari za kikundi, za onyesho, za watu wanavyomkumbuka. Alifurahi kweli. Aliuliza kama bado watoto wanajua kukaa chini kwa utulivu. Nikaona mambo yamekaa sawa, nikauliza kwa tabasamu, nusu utani, kama ambavyo nimeuliza maisha yangu yote.

"Mwalimu, hebu tuambie sisi watu wako. Baluku alikuwa wapi?"

Hakuinua macho. Alisogeza sahani karibu yangu.

"Kula kwanza," alisema.

Nikacheka.

Nilicheka kwa sauti, kichwa nyuma, nikajipiga goti. Nilidhani amenipa zawadi, lile neno, mimi peke yangu, mezani kwake. Nilipoteremsha kichwa nilimwona hacheki. Alikuwa ananingoja nimalize, kwa adabu, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo aendelee kuongea.

Nikala. Nilikula hadi sombe ya mwisho, kwa sababu niliambiwa nile. Nilipomaliza akaninawisha, ndipo akasema.

"Baluku ni mutoto yangu ya kwanza. Alipata surua tukiwa Kyarumba kwa bwana. Wanaume walimubeba kwa machela, tukashuka na muguu kwenda hospitali, mvua iko nanyesha. Hatukufika." Akapangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. "Alikuwa na miaka mbili. Nyuma yake nikazaa, akaitwa Bwambale. Utamuita nini ingine? Wa pili ni wa pili, hata wa kwanza haiko."

Yule Bwambale yuko hai, mtu mzima, analima mpunga Mubuku. Masereka ni fundi wa mbao. Wala hakuna siri. Nyumba ya Vibuyu ilikuwa nyumba yake, na mtu yeyote anayejua majina ya huku angeweza kuhesabu na kuona pengo. Tuliliona. Tukalichekea miaka yote hiyo. Wengine tulilichapisha kwenye fulana.

"Watu walikuwa naniuliza," alisema. "Wageni, wapolisi wa kuandika watu, hata mapadri. Watoto wako ngapi? Wa kwanza iko wapi? Mutu amekuja kwako, iko na njaa, utamwambia mambo ya machela? Unamwambia, kula kwanza."

Halafu akautazama mfuko wangu. Mkono wa suti ulikuwa umechungulia nje.

"Na hiyo ni nini?"

Ningeweza kudanganya. Nina ulimi wa kambi, nimewadanganya masajini. Lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa, nikamtoa Baluku na kumweka juu ya meza, na miwani yake, na tai yake nyekundu. Natamani joto hili lote la leo lingekuwa jana ili nipate cha kusingizia kwa jasho lililonitoka.

Mwalimu alimgeuza. Alikagua pindo, akafungua koti, akaona bitana, akapata hata mfuko wa ndani.

"Nani alishona?"

"Mimi, mwalimu."

"Unashona muzuri." Alisema kwa ukarimu wa kweli, na hapo ndipo nilipoumia. Kisha akamgeuza tena, uso kwa uso. "Lakini hii ni sura ya nani?"

Nikanyoosha mkono nikaiweka sawa ile tai yake nyekundu.

"Mimi nilitafuta vibuyu mingi," alisema. "Bwambale nilimuchora, nilikuwa namuona kila siku. Masereka pia. Huyu nilikuwa nashika rangi, nashindwa. Sura ya miaka mbili ninaijua. Ya ukubwa, siijui. Nikaacha."

Alimrudisha mfukoni mwenyewe, akamlaza vizuri ili suti isikunjamane. Hakuniambia neno la ukali. Angenigombeza ningeshukuru.

Hasira yangu basi ni hii, na nimeizungushazungusha tangu jana. Sijui niielekeze wapi. Injinia nimkasirikie kwa nini, yeye si Mkonzo, alichora alichoambiwa. Lakini Wakonzo mia na zaidi mlio kwenye kikundi, mnaoitana Bwambale na Biira na Kule, majina yaleyale ya zamu, hamkujiuliza? Na Masika, mtu wa Kyarumba kulekule, alipowaambia, mkacheka? Na mimi niliyezaliwa kambini, niliyekula kwenye nyumba za Wakonzo nusu ya utoto wangu, nilihitaji kuambiwa juu ya sahani? Tunasema tunampenda mwanamke huyu. Wiki tatu tulijadili atapikia nini, ataongea lugha gani, atanunuliwa nini na mwanawe, na hakuna hata mmoja aliyependekeza tukamuulize kwanza yeye mwenyewe anataka nini. Mimi nilitumwa kuomba baraka kwa jambo lililokwisha kupigiwa kura na kushonewa suti!

Aibu inanipanda hadi masikioni.

Vikaragosi alinipa. Wanne wote, wamefungwa kwenye shuka lao lenyewe, lile la zamani. Koplo Filimbi ana ufa shingoni na Masereka kaliwa na panya mkono mmoja, nitawatengeneza. Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, Mama Baluku nimchezeshe mimi. Nikamwambia siwezi. Akaingiza mikono yangu kwenye kile kitenge, akanifundisha saa nzima namna ya kukoroga na namna ya kutoinua kichwa. Nilipofika kwenye lile neno alinisimamisha mara nne.

"Munaisema haraka," alisema. "Munaisema ya kuchekesha. Haisemwi haraka. Iko natazama chungu."

La pili, habari ya mtoto wake nisiipeleke kwenye kikundi. Nikamuuliza kama naweza kuiandika hapa. Akauliza hapa ni wapi, nikamweleza kuwa ni shajara ambayo watu huisoma, akafikiri. Akasema niandike, mwenye kusoma mpaka mwisho atakuwa ametulia. "Lakini huko kwa simu, hapana. Huko munacheka kila kitu."

Baluku yuko juu ya cherehani ninapoandika. Nimeshamvua miwani, kwa kuifuta na mafuta ya taa, na chini yake hakuna macho, maana Injinia hakuona haja ya kuyachora. Kesho asubuhi, kabla ya sare ya mtu yeyote, nitaifumua ile suti, mshono kwa mshono. Kibuyu nitakirudisha Bwera. Yeye ndiye wa kusema kikae wapi.

Nimewasha simu sasa hivi niwape taarifa. Niliandika kwa kifupi: mwalimu amekubali, vibuyu vinarudi, chungu kinarudi na moshi wake, Baluku hayupo kwenye onyesho. Kisha nikamwandikia Masika peke yake, nikamwomba msamaha. Hajajibu, na hana lazima ya kujibu.

Kikundi kimewaka moto. Tulipiga kura! Nani alikupa mamlaka? Fulana je? Na Injinia, ambaye hana ubaya, ana haraka tu, ameuliza swali ambalo wote walikuwa wanalizunguka:

"Dada, sasa tuambie ukweli. Baluku iko wapi?"

Nimemjibu, polepole, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa.

Kula kwanza.