Bado Nimesimama, Papa

Papa,

Walikuzika Jumanne mchana, mvua ikinyesha. Sikuja. Barabara ya kuingia Bukavu imefungwa, na kufungwa huko ndiko kulikozuia dawa zako za sukari. Nimebaki huku Kansanga, ng'ambo ya mpaka, katika chumba cha hosteli ya chuo, na hasira isiyo na pa kwenda.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza chuoni, nilivyokusimulia kwenye simu ukacheka mpaka ukakohoa? Mhadhiri aliingia, nikasimama wima, mikono pembeni, kama ulivyotuzoesha darasani kwako. Nilisimama peke yangu. Nakato, ambaye leo ni rafiki yangu, akanivuta sketi, akaniita bibi kwa lugha yao: "Nyabo, kaa chini, hapa si kanisa." Nilingoja mhadhiri aseme "Ketini, wanangu," kama wewe. Hakusema. Alikuwa anahangaika na waya wa projekta.

Wenzangu wanambishia mhadhiri, naye anafurahi. Mimi nasoma ulivyonilea: nakariri kwa sauti mpaka somo likae kichwani, kisha namrudishia mwenyewe bila kupunguza neno. "Mutoto wa adabu anasikilizaka tu," ulikuwa unasema.

Wiki baada ya mazishi niliitwa kwenye mtihani wa kujieleza mbele ya wahadhiri. Nikaimwaga sura nzima ya kitabu. Mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, wewe mwenyewe unaonaje? Papa, nilitafuta ndani yangu nikakuta sauti yako tu. Nikaanza ile sura upya. Wakanizuia. Nimefeli.

Kinachoniuma zaidi ni Nakato. Kwao anampigia baba yake magoti kumsalimia, lakini darasani hakuna mbishi kama yeye. Nilimuuliza anawezaje. Akasema, "Baba ni wa nyumbani. Masomo ni yangu."

Yangu hayakuwa yangu. Yalikuwa yako, ya Mama, ya mtaa mzima ulionisindikiza hadi kwenye basi. Nilikuwa naamka kwa sababu Jumapili utapiga simu uulize, "Umeshika ya ngapi?" Sasa Jumapili inapita kimya na vitabu sivigusi. Nimewaza kuacha chuo. Nakwambia wewe, Mama sijamwambia.

Saa waliyokushusha kaburini nilisimama katikati ya chumba, wima, mikono pembeni. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi, maana wa kuniambia niketi ndiye aliyekuwa anaondoka.

Pumzika, Mwalimu wangu. Chuo siachi; somo nililofeli nitalirudia. Wakiniuliza tena naonaje, nitajibu kwa maneno yangu, hata yakiwa ya kukosea. Nitajibu nimesimama, hilo umenizoesha na sitaki kuliacha. Nikimaliza, nitaketi bila kuambiwa.

Binti yako,
Furaha