Shemeji, Uso wa Lile Gari Niliuharibu Mimi

Shemeji yangu Athumani,

Popote ulipo, iwe kwenu Tanga au Morogoro kama wengine wanavyosema, nakuomba usiichane barua hii kabla hujaimaliza. Najua utaishuku. Hata mimi ningeishuku. Mtu kakaa kimya miaka minane, leo anaandika, lazima ana shida yake. Ni kweli ninayo. Lakini kwanza niseme nililokufanyia, na nalisema wazi ili kila mtu asome, maana nililifanya mbele za watu.

Ulipomuoa dada yangu Somoe ulihamia kwetu Chiola, kama desturi yetu ilivyo. Kwetu mwanamume anamfuata mke, na watoto ni wa ukoo wa mama, mkubwa wao ni mjomba. Yaani mimi. Nilipokueleza ulicheka ukasema, "Kwa hiyo nazaa mimi, mkubwa wao wewe." Na mimi nikacheka. Ila moyoni nilikuwa nakuangalia. Nilijiuliza, mtu huyu mpole hivi, fundi mzuri hivi, kwao kaacha nini hata akaja kuishi ugenini? Hukuwa umefanya kosa lolote. Upole wako ndio ulionitia shaka.

Unalikumbuka lile banda letu la Nachingwea, pale stendi. Wewe ulikuwa wa injini, mimi wa bodi. Nilikuwa na jina kwa faibaglasi. Vipuri havipatikani, bati halipatikani, basi mtu akigonga madigadi anakuja kwangu. Natengeneza kalibu ya udongo, natandika ule mkeka wa nyuzi za kioo, napaka gundi, kikikauka napiga msasa. Unga wake unawasha kama upupu. Somoe alikuwa hataki nguo zetu za kazi zikaribie za watoto. Mpaka Ruangwa watu walisema, kama uso wa gari lako umevunjika nenda kwa Selemani. Hilo jina nililipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Ndipo likaja gari dogo la Mzee Likwata, yule mnunuzi wa ufuta wa Mandawa. Liligonga kisiki, uso wote wa mbele ukaenda, bampa na kile kipande cha chini yake. Mimi nikasema nitamtengenezea wa faibaglasi. Wewe ukasema subirini, gari hili lilitoka kiwandani na uso wa yurethani, ule mpira mgumu, na kuna mtu Dar es Salaam anao mmoja.

Nikakushuku hapo hapo. Kwa nini gari zima la mteja wangu limtegemee mtu wako wa Dar es Salaam?

Uso ulipofika kwa lori nilimfuata dereva nikamuuliza kautoa wapi. Kesho yake nikamuuliza tena, nikijifanya nimesahau. Akanijibu vilevile, neno kwa neno. Mtu mwenye akili angeridhika. Mimi nikasema, aha, kumbe amefundishwa la kusema.

Ukauweka ule uso chini ukaukandamiza kwa goti, ukabonyea, ulipoondoa goti ukarudi kama ulivyokuwa. Kisha ukachukua kipande changu cha faibaglasi ukakigonga kwenye jiwe, kikapasuka. Watu walikuwepo. Wewe uliona unaonyesha kazi. Mimi niliona unanivua nguo.

"Shemeji, hii ya kwako ni nyepesi, na ikipasuka tunaiziba hapa hapa," ulisema. "Hii ya mpira ikichanika hatuna cha kuizibia. Lakini njia ya Malolo anayopita mzee huyu ni visiki vitupu. Afadhali kitu kinachokubali kugongwa."

Nikakujibu kwamba kitu kinachojikunja halafu kinarudi kama hakikuguswa mimi sikiamini, na mtu wa namna hiyo pia simwamini. Watu wakacheka. Na wewe ukacheka, ukaniambia basi nisikioe. Leo nikiyakumbuka maneno yale naona kwamba ulikuwa umenisema vizuri. Ulitaja uzuri wa changu na ubaya wa chako. Lakini mimi nikasikia mtego, kwa sababu muuzaji wa kawaida hataji ubaya wa mali yake.

Siku mbili baadaye ulikwenda Chiola kwenye msiba, ukaniachia kazi ya kupuliza rangi. Ukanikabidhi kikopo kidogo kisicho na karatasi wala maandishi. Ukanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu unayemheshimu, kwamba hiyo dawa ichanganywe na rangi yote, kwa sababu rangi ya kawaida hukauka ngumu, na uso wa mpira unacheza. Kigumu juu ya laini lazima kipasuke.

Nikasema sawa.

Ulipoondoka nilikifungua, nikanusa. Nikachanganya tone moja na rangi kidogo, nikapaka kwenye kipande cha bati. Asubuhi nikakwangua kwa ukucha, rangi ilikuwa bado laini. Basi, nikasema, nimekushika. Huyu anataka rangi yangu isikauke, Mzee Likwata aone kuwa sijui kupuliza, banda libaki lake. Sikujiuliza kwamba huenda ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Nikakifunga kikopo, nikakiweka nyuma ya betri mbovu, nikapuliza rangi tupu. Ikang'aa. Uliporudi ulinisifu. Nakumbuka uliniita bingwa.

Haukupita mwezi. Mzee Likwata akaja siku ya mnada, stendi imejaa, uso wa gari lake umepasukapasuka kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi, rangi inabanduka kama magamba. Akakuita tapeli mbele ya watu. Akasema umemletea mali bandia, na kwamba mtu asiyejulikana kwao ndivyo alivyo. Wewe hukubishana naye. Uliinama ukagusa zile nyufa, ukanitazama.

"Shemeji, kile kikopo ulikitia?"

"Nilikitia chote."

Hilo ndilo neno langu, Athumani. Nimelirudia moyoni mara nyingi mpaka silisikii tena kama sauti yangu.

Ukanyamaza. Na mimi nikaona kunyamaza kwako ni ushahidi, kwamba mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Habari zikafika Chiola kabla yetu. Wazee wakakaa. Mjomba wangu mkubwa hakukuuliza wewe, aliniuliza mimi, kwa sababu watoto ni wa upande wangu na ulezi wao ni wangu. Akasema, "Selemani, huyu ni mtu wa kukaa naye?" Ningesema ndiyo, yangeishia pale. Nikasema, "Asili yake mimi siijui." Sikukutukana wala sikukushtaki. Niliwapa shaka yangu tu, wakamaliza wenyewe, wakasema uondoke. Asubuhi ukaondoka na sanduku lako la spana. Binti yako Zuhura alikuwa na miaka kumi na mmoja, akakusindikiza mpaka barabarani, na mimi nikamwita arudi. Alirudi kwa sababu mjomba ndiye aliyeita.

Mzee Likwata nilimtengenezea uso wa faibaglasi. Ulikaa kama miezi miwili. Kisiki kimoja tu cha Malolo kikauvunja vigae. Nilimwambia njia mbaya. Nyumbani nilikaa nimeshika kile kikopo, nikajua. Nilijua tangu siku hiyo, si leo. Hilo ndilo linalonila zaidi.

Mwaka huu nikamwambia Somoe. Nilidhani atalia au atanifukuza. Aliendelea kupepeta mtama wake, akasema alikuwa anajua.

"Mume wangu alikiona nyuma ya betri," alisema. "Alikipima mkononi, kilikuwa kimejaa. Akanikataza nisiseme. Alisema wewe ukionekana mwongo mbele ya wajomba zako, hutakuwa na pa kusimama. Yeye anaweza kusimama kwingine."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Akasema alikuwa anasubiri aone nitanyamaza mpaka lini.

Basi nimesema. Ijumaa baada ya sala niliomba wazee wabaki, nikawaeleza kikopo, bati, na uwongo wa stendi. Mjomba mkubwa sasa haoni vizuri, aliniomba nirudie. Nikarudia. Hakuna aliyenifariji, na ni haki. Mzee Likwata nilimfuata Ruangwa. Alisema kumbe, akaomba nikikuona nikwambie ametaka radhi, kisha akaniuliza sasa magari yake atampa nani atengeneze. Nikamwambia atafute fundi mwingine.

Sikuandikii ili urudi. Somoe amenikataza kuandika hivyo. Amesema nikuandikie ukweli tu, kurudi ni lako na yeye atasema lake mwenyewe ukimuuliza.

Shida yangu ni hii. Zuhura ameposwa. Kijana ni mwalimu Malolo, watu wake wamekuja na heshima zote, na Zuhura amemkubali. Kwa desturi jibu natoa mimi. Wakakaa kwenye mkeka wananitazama, wazee nao wananitazama, na mimi nikafungua mdomo.

Nikawaambia binti huyu ana baba, yuko hai, na ni mtu ninayemjua asili yake. Nikawaambia wasubiri neno lake. Wamekubali kusubiri mpaka korosho zianze kuanguka.

Jibu usinipe mimi. Mwandikie Zuhura. Anajua kusoma vizuri, na barua yako hakuna atakayeifungua kabla yake.

Ni mimi niliyekukosea,
shemeji yako, kaka wa Somoe.