Kichupa cha Mama

Jengo la Wafanyakazi, Chumba Na. 6,
Nyuma ya Hospitali.
14 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila miguu yangu inanisumbua kwa kusimama kutwa.

Najua unangoja habari za uvimbe wa shingoni kwa Mama. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu.

Makohozi yake hayakuonyesha kitu, lakini daktari alisema kifua kikuu huweza kukaa kwenye tezi bila kugusa mapafu. Alisema pia huenda ni saratani. Akamchoma sindano tezini, akavuta majimaji, akanipa kichupa nikipeleke kwa fundi wa mashine ya vinasaba, ng'ambo ya ua.

Kazi yangu unaijua. Mwaka wa kumi na nne huu, kila kipande cha nyama ya mgonjwa kinachonifikia maabara nakitia formalini kisioze. Nilipita mezani kwangu kuandika jina la Mama, na kabla sijafikiri mkono ukajaza formalini kichupani. Mazoea yana taabu.

Fundi alinusa tu. "Dada, umeshaiua hii sampuli. Mashine haitaisoma."

Na Mama alikuwa ameapa kwamba anachomwa mara moja, basi! Nilikaa kitandani kwake nikamwambia si daktari aliyekosea, ni mimi. Nililia, Kaka. Akaningoja nimalize.

"Futa hizo kamasi. Wangekosea wao, tungeambiwa mashine mbovu." Akageuza shingo achomwe tena.

Mara ya pili fundi alikuja kukichukua mwenyewe. Mimi hata kukigusa sikuruhusiwa. Hazikupita saa mbili jibu likatoka: ni kifua kikuu, na ile dawa kubwa ya kukitibu inakiweza, hakijawa sugu. Fundi akanionya kwamba hata kama mashine isingeona kitu, tusingeweza kusema kwa hakika kuwa hana.

Ameanza dawa Jumatatu, za miezi sita. Dawa zimeugeuza mkojo rangi ya chungwa, na hakuna mgeni ambaye hajatangaziwa.

Kwa hiyo usiombe ile ruhusa ya dharura. Njoo likizo ikifika, umkute akigomba.

Nisalimie wifi na kitindamimba wako. Shangazi mkubwa naye anakusalimu. Mungu awafunike nyote.

Na ile suti nyeusi uliyoniambia umenunua, Kaka, ivae kazini.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Pacha