Mstari Wako Ulikuwa Mrefu

Mabanga, Bungoma

Ndugu yangu Wekesa,

Leo ni wiki ya pili tangu tukuzike Endebess, na kichwa changu bado kina nywele. Unajua maana yake kwetu. Siku ya tatu baada ya mazishi jamaa wote wa marehemu huketi chini, maji huletwa, kila mtu hunyolewa. Asiyenyolewa si wa nyumba hiyo. Niliketi, nikainamisha kichwa. Mwanao Simiyu akafika kwangu, akasimama.

"Baba mkubwa, nisamehe. Baba alisema wembe wetu usikuguse."

Akanipita.

Nimekasirika, Wekesa. Acha nikueleze, maana hasira yangu si ya Simiyu wala si yako.

Wale waheshimiwa wawili waliogombea kiti chetu, mwaka ule wa kura ya mistari, walikuja kukuzika kwa gari moja. Gari moja! Siku hizi wako chama kimoja. Walipewa viti vya mbele chini ya turubai, wakanywa soda, wakacheka, mmoja akimwita mwenzake "ndugu yangu." Mimi niliyenyonya ziwa moja na wewe nilisimama nyuma na wapishi.

Watoto wetu hawaijui kura ile, kwa hiyo naiandika nao wasome. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama uwanjani mchana nyuma ya mtu wako, jirani na chifu wakikuona. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliitwa kuhesabu. Nilipita nikigusa kila bega. Nilipofika kwako ukasema, "Mwalimu, mimi ni mnene, si unihesabu mara mbili bana!" Watu wakacheka. Nikaandika jumla kwenye daftari langu. Mstari wako ulikuwa mrefu. Hata mtoto wa nasari angeona.

Kisha afisa wa uchaguzi akapanda juu ya meza, akasoma nambari nisizozijua, akatangaza kwamba mstari mfupi umeshinda. Uwanja mzima ulimtazama yeye. Wewe peke yako ulinitazama mimi.

Nikafunga daftari.

Asubuhi ile afisa alikuwa ameniambia kwamba walimu wakaidi huhamishwa mbali. Nilikuwa na watoto sita. Hiyo ni sababu, Wekesa, si udhuru. Miaka mingi nilivichanganya viwili hivyo. Jioni ulikuja kwangu, ukakataa kiti, ukakataa chai. "Mwalimu wa hesabu, hata mimi mnene hukuniona?" Mwezi uliofuata ukahamia Endebess. Nikajiambia ni siasa tu, itapita. Nilikuandikia kuhusu mahindi, kuhusu mvua, kuhusu mama. Kuhusu daftari sikuandika. Hukujibu hata barua moja. Mama alikufa akiuliza kwa nini wanawe hawaji pamoja Krismasi. Kila mwaka mmoja wetu alikuwa na ng'ombe mgonjwa.

Nani ataturudishia Krismasi hizo? Wale wa gari moja? Wao walisahau kabla nyasi tulizokanyaga hazijainuka. Ugomvi walituachia sisi. Upatanisho wameula wao peke yao.

Daftari ninalo. Jumapili, baada ya ibada, nitasimama uwanjani pale pale, nisome nambari zile kwa sauti, niseme nani alihesabu na nani alinyamaza. Kiti hakitabadilika, najua. Kisha nitapanda hadi Endebess, nimpe Simiyu daftari aone kwa macho yake, niketi chini, niinamishe kichwa. Akinipita tena, nitarudi na nywele zangu, na siku nyingine nitakwenda tena. Kinyozi mwingine sitamkubali.

Pumzika, mdogo wangu. Ulihesabiwa. Mara moja tu, si mbili, lakini ulihesabiwa.

Ndugu yako mkubwa,
Mwalimu