Kahawa Ikohoe Mara Tatu

Chumbani kwa Mama,
Juu ya duka la fundi vioo,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Salamu nyingi, nyingi mpaka watu wa posta washindwe kuibeba bahasha. U hali gani? Miguu bado inakuuma kwa kusimama kutwa? Na hao wazee unaowahudumia huko, wamekuzoea au bado wanakutupia vijiko? Sisi huku tunapumua, tunakula, tunalala.

Mimi ndio usiniulize. Mtu mwenye bahati kama yangu katika ukoo wetu hajazaliwa, na sidhani kama kuna anayemtafuta. Miaka kumi na moja nimekuwa mpishi wa meli, nimekula na manahodha, bandari za dunia zinanijua kwa mwendo. Na leo nimetulia na mama yangu mzazi. Kila asubuhi nampelekea kahawa, ananitazama usoni, ananiambia, "Jogoo, umeamka?" Anakunywa vikombe viwili, anadai cha tatu, namkatalia. Wale manahodha na kofia zao, nani kati yao anaitwa na mama yake kila asubuhi?

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama Mama bado anatujua, na kama uvunje mkataba uje sasa au umalize kazi mpaka mwaka kesho. La pili, kahawa ya Mama inapikwaje, maana ukiipika wewe huko inakuwa chungu kama dawa ya minyoo. Naanza na la pili, ndilo rahisi.

Sasa kaa vizuri, unaongea na mtaalamu. Shule niliishia darasa la sita, tena la sita lenyewe nililimaliza kwa kubembelezwa, lakini kwenye kahawa mimi ni profesa.

Kuna kahawa ya mfuko. Unashona kimfuko cha kitambaa cha pamba, unatia unga wa kahawa, unamimina maji ya moto polepole, kama unamwogesha mtoto mchanga. Hii nilifundishwa na fundi mitambo wa meli. Siku moja mfuko ukapotea, akatumia soksi. Alisema ni mpya. Nahodha aliisifu kahawa ile wiki nzima na mimi nikanyamaza mpaka tuliposhuka.

Kuna ya kuloweka. Maji baridi, unga mwingi, unafunika jagi unalisahau kutwa nzima, halafu unachuja. Tamu wakati wa joto. Hii inawafaa wavivu, kwa hiyo jaribu.

Halafu kuna ya jagi la kioo, lile lenye wavu unaoshindilia kwa kiganja. Nilirudi nalo kutoka safari yangu ya mwisho, nikamwita Mama aje aone maendeleo. Nikashindilia kwa nguvu za baharini. Jagi likapasuka, kahawa ikafika dari, na doa lipo mpaka leo. Fundi vioo akapanda ngazi mbio, akachungulia, akasema, "Bwana mpishi, mimi nakula kwa vioo kuvunjika, ila nakuomba uvunje vya madirisha." Mama alicheka mpaka akaketi. Kisha akasema, "Hata lisingepasuka nisingelitaka. Hicho chombo hakikohoi."

Basi hapo ndipo ilipo siri yako, Sindano. Umesahau kukohoa.

Kile kibirika chake cheusi bado kipo, kifuniko kimefungwa kwa waya. Vijiko vitatu vya unga, maji vikombe vinne, moto mdogo. Kahawa ikipanda, kifuniko kinaruka na kutoa ile sauti ya mtu mwenye kifua. Hapo kila aliyemo ndani anasema "pole." Wewe ulikuwa unakimbia kutoka nje ili uwahi kusema. Unakiteremsha, kahawa inashuka, unakirudisha. Ikohoe mara tatu, ipewe pole tatu, basi. Kisha kijiko kimoja cha maji baridi juu, ili unga uzame. Usikoroge.

Nakujua, wewe huko unaiacha jikoni unakwenda kubadilisha mashuka ya watu, inakohoa mara saba na hakuna wa kuipa pole. Lazima iwe chungu. Kama uko peke yako, sema mwenyewe, kwa sauti. Wenye nyumba wakikushangaa, waambie ndivyo inavyopikwa na wataalamu.

Nimejaribu zote, na ninayoipenda ni hiyo. Nakwambia hivyo mimi niliyekunywa kahawa ya vikombe vyenye mstari wa dhahabu.

Wiki iliyopita nilishikwa na mafua. Nimekaa karibu na dirisha namenya viazi, Mama yuko kitandani anatazama ukuta. Nikakohoa. Akasema, "Pole." Nikafurahi, nikamshukuru. Nikakohoa tena, akasema, "Pole." Mara ya tatu akasema, "Pole. Haya, iteremsheni, imeiva." Nikacheka, nikasema Mama na utani wako. Nilipogeuka, alikuwa ananyoosha mkono kutafuta kikombe. Nikaendelea na viazi. Viazi vile vilikuwa vingi kuliko tulivyohitaji.

Sasa lile la kuja. Mkataba ni mkataba, mdogo wangu. Mama hajambo, na mimi nipo, mtu mzima na akili zangu. Usije ukapoteza kazi kwa wasiwasi. Mwaka si mrefu, meli moja tu inaenda na kurudi.

Mjomba mshona viatu anakusalimu sana, anasema miguu yako ameshaisahau ukubwa, umletee kipimo. Shangazi anakusalimu, na wanawe wote, nikiwataja karatasi itaisha. Fundi vioo naye anakusalimu na anauliza kama umeshaolewa. Nimemwambia umeolewa mara mbili.

Mungu akutunzie mgongo na mikono yako, na kila mzee unayemwinua huko akuombee dua kwa lugha yake.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye bila kupumzika,
Jogoo.

Sindano, nimeshasaini na bahasha imenishinda kufunga. Nilichoandika juu ni uongo. Mama haniiti Jogoo. Tangu mwezi wa nane ananiita mpishi, ananisemesha kwa adabu kama mtu aliyeajiriwa, na juzi kaniuliza kama mama yangu bado yu hai. Vikombe viwili hakuna, ni vijiko vitatu, vya kunyweshwa. Niliona haya kukuandikia kwamba nimesahauliwa. Wewe bado anakutaja, kwa jina lako kamili, anauliza umechelewa wapi. Mimi hanijui tena. Vunja mkataba, uje.