Kasi ya Pampu Yetu

Baba yangu, uliyelala chini ya udongo wa Mwanda,

Asubuhi hii ukungu umefika hadi mlangoni, nami nimeketi juu ya gunia la chakula ndani ya banda letu la vifaranga. Nasema letu kwa sababu mabomba ya maji moto yaliyo chini ya sakafu hii tuliyalaza pamoja, likizo yangu ya mwisho ya chuo. Wewe ulikata, mimi nikapinda. Uliponiona nimepiga magoti mchangani ulinitania, "Injinia, utachafua digrii." Siku hiyo nilikupenda sana.

Kisha tukawasha pampu ya kuzungusha maji, ukaiweka kwenye kasi ya juu kabisa. Nilikueleza kwamba chumba kimoja cha banda kikishapata joto valvu yake, kile kilango cha maji, hujifunga, na pampu ikizidi kusukuma kwa nguvu ileile, maji yote hubanwa kwenye njia chache zilizobaki. Nikakuonyesha kitufe cha kuifanya ifuate presha ya maji: valvu zikifunga ipunguze mwendo, zikifunguka iongeze. Ulisema pampu isiyosikika haifanyi kazi. Ukanituma chai.

Valvu zikaanza kupiga mluzi. Vifaranga wakashtuka, wakarundikana pembeni, wa chini wakakosa hewa. Tuliwazoa kwa beleshi. Niliponyoosha mkono kwenye kile kitufe uliniambia, "Wacha. Hii si karatasi ya mtihani."

Ukamwita fundi Kilonzo kutoka Voi. Nilimpokea barabarani, na tulipokuwa tukipanda mlima aliniuliza shida ni nini, kwa maana yeye alizoea matangi na mabomba ya jikoni, pampu ya aina hii hakuwahi kuigusa. Nikamweleza yote. Alifika, akabonyeza kitufe nilichomtajia, akakwambia maneno yangu karibu yote. Mluzi ukakoma. Ulimchinjia jogoo. Aliyemnyonyoa ni mimi.

Tangu hapo kila mgeni alisikia habari za kijana wa Voi mwenye kichwa. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia kwamba Baba hajui, na asiyejua hawezi kulaumiwa. Nilikuuguza nikiamini hivyo. Nilikulisha uji nikiamini hivyo.

Baada ya mazishi yako Kilonzo alibaki kutusaidia kukunja maturubai. Alinisogelea akiwa ameinamisha macho.

"Dada Wakio, mimi nilimwambia mzee siku ileile. Nilimwambia umenifundisha wewe."

Nikamuuliza ulijibu nini.

"Alisema anajua. Kisha akaniambia nile, kuku anapoa."

Kutojua kwako nilikuwa nimeshakusamehe, Baba. Hili lingine sijui nilitue wapi. Mama ananisihi niliache. Anasema ulijivunia mimi kwa namna yako. Labda. Lakini fahari hiyo ulimwonyesha nani? Mbona mimi, niliyekuwa nikiingia chumbani mwako kila siku, sikuiona?

Jana kaka zangu walitaka tumwite Kilonzo aikague pampu kabla vifaranga wapya hawajafika. Nikawaambia nimeshaikagua. Wakatazamana. Nikasimama palepale mbele ya pampu, na hakuna aliyepiga simu.

Jumapili Mama atakuletea maua. Mimi sitakuja naye. Nitakuja pale kaburini siku nitakayoweza kukusalimu bila kukuuliza.

Pumzika.

Mimi bintiyo, wa kwanza.