Neno Get na Mfupa wa Shingoni

Jumatatu, 6 Februari 1995

Nimeamka, nimenyonyesha, nimepepeta omena ya jana, dagaa wetu wa kuuza. Ile iliyolowa nimeianika tena. Ochieng ameniuma titi. Meno yake mapya yanachoma kama sindano. Baba yao bado yuko kisiwani Remba akivua. Ametuma gunia moja kupitia Homa Bay, hakutuma salamu.

Jioni binti yangu Atieno amerudi shule na mfupa shingoni. Mfupa wa ng'ombe, umetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Ndiyo diski hiyo. Ukisikika ukiongea Dholuo, lugha yetu, ndani ya ua wa shule unavalishwa, halafu unamtafuta mwenzako aliyeteleza umvalishe yeye. Anayelala nao nyumbani huchapwa asubuhi. Mimi pia niliuvaa zamani. Lakini nilikuwa darasa la nne, nilikuwa na mdomo. Huyu ana miaka sita na shule ameanza mwezi uliopita.

Chupi imelowa. Nimemuuliza, hasemi.

Jumanne, 7 Februari

Leo amechapwa viganja. Vimevimba. Na amerudi na mfupa tena.

Habari nimeipata kwa Mwanaidi, binti wa Bi Zuhura wa duka la nguo. Wanasoma darasa moja. Mwalimu wao, Madam Pamela, alisema "get up", Atieno akasimama. Akasifiwa. Baadaye madam akasema "get your book." Atieno akasimama. "Get in line." Akasimama wima zaidi, kama askari. Darasa zima likacheka. Madam akadhani anachezewa. Atieno akajitetea kwa Dholuo: lakini mimi nimeshasimama! Ndipo akavalishwa. Tangu hapo akaogopa kufungua mdomo, hata kuomba choo. Alisimama ukutani mpaka mkojo ukamtoka.

Sasa haongei kabisa. Kwa hiyo hawezi kumshtaki mtu, kwa hiyo mfupa haumtoki. Kila jioni atarudi nao, kila asubuhi atachapwa.

Hata nyumbani kimya. Hata Ochieng hamwimbii. Nimempikia uji wa wimbi na sukari. Amekunywa, ameniangalia, basi.

Huyo Pamela namjua. Kwao ni Homa Bay, aliletwa kukaa kwa shangazi yake hapa Uriri, tukaketi dawati moja. Hakuna aliyeuvaa mfupa kumshinda. Nilikuwa namfuta machozi na sketi yangu. Mimi nikapata mimba nikiwa darasa la saba, yeye akaendelea hadi chuo cha walimu. Ndiyo shukrani hii.

Namchukia. Nimeandika, na kesho nitasoma tena nione kama ni kweli.

Jumatano, 8 Februari

Ni kweli.

Nimeenda shule mwenyewe, Ochieng mgongoni, mfupa kwenye mfuko. Nimemkuta Pamela getini na walimu wenzake. Nimemwambia kwa Kiswahili, mtoto wangu ameacha kusema. Akanijibu kwa Kiingereza kirefu, akitazama wenzake. Nimeshika kipande tu: "your girl must get used to it." Wakacheka. Girl nimeielewa. Get nimeielewa. Hiyo nyingine imenipita kama gari la Kehancha lisilosimama. Nikabaki nimesimama, hivyo hivyo alivyosimama mwanangu.

Nikamwambia, "Mfupa ninao mimi, Madam. Kesho ukitaka kuchapa, nichape mimi."

Sikuurudisha. Nimeuficha kwenye debe la unga. Najua watachonga mwingine, ng'ombe hawajaisha. Lakini huu ni wa Pamela. Nitamvalisha kwa mkono wangu, mbele za watu. Nimeapa kwa kaburi la mama.

Ijumaa, 10 Februari

Wamechonga mwingine, uko kwa mtoto mwingine. Atieno hachapwi tena, lakini bado kimya. Nilipomchukua mtoto shuleni, Pamela akanipitia, akasema kwa Kiswahili leo, "Mama Atieno, siku hizi amekuwa mtoto mzuri. Ametulia."

Ametulia. Hata maiti hutulia.

Jumapili, 12 Februari

Bi Zuhura ana kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya mumewe, kubwa, wanakandamizia vitambaa. Nimeomba niiangalie. Nilitaka ile "get used to it." Nilidhani get ni neno dogo, herufi tatu tu, kama mdudu. Nimekuta linajaza ukurasa, likavuka wa pili. Kupata. Kuleta. Kufika. Kuelewa. Kuwa mgonjwa ni get, kupona ni get. Kuolewa ni get, na kuachana ni get. Kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kulowa, kuchoka, kuzeeka. Mtoto wa miaka sita angejuaje?

Hiyo ya getini nayo nimeipata. Maana yake lazima azoee.

Nimekasirika upya. Bi Zuhura akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Mama Atieno, mbona unashangaa? Na sisi tuna piga. Piga pasi, piga simu, piga magoti, piga kelele, piga deki, piga picha. Mzungu naye anatulaani hivyo hivyo." Ni kweli. Hata Dholuo tuna goyo, ndiyo piga hiyo hiyo, inabeba yote hayo. Kila lugha ina punda wake mmoja wa kubebeshwa mizigo, na wenye lugha hawamwoni. Anayemwona ni mgeni anayepigwa teke.

Nikamwambia Bi Zuhura kuhusu mfupa na kiapo. Akakunja kitambaa. "Kumvalisha ni kazi ndogo, mwanangu. Mtoto atasema?"

Nilitaka vyote viwili.

Jumatano, 15 Februari

Tunacheza na Atieno kila jioni, mimi nikichambua omena. Get water, anakwenda mtungini. Get up. Get down. Get the baby, anambeba Ochieng na miguu inaburuta. Get wet, anajimwagia maji kichwani, na leo ametabasamu. Mwili wake umeelewa kila kitu. Mdomo bado.

Pamela amekuja sokoni kununua omena. Kwangu! Kwa Dholuo tupu, ya Homa Bay, tamu, na utani, akiniita binti wa Uriri. "Nyar Uriri, niongeze, hii ni ya paka?" Nilitamani kumvalisha hapo hapo. Lakini soko si ua wa shule, na mfupa ulikuwa nyumbani. Nimempimia ya chini ya gunia, ile yenye mchanga. Nikamwongezea pia. Atafune.

Nimefurahi jioni yote. Furaha ndogo, mbaya, lakini yangu.

Jumanne, 21 Februari

Ijumaa ni siku ya wazazi. Hedimasta amesema Kiingereza peke yake, hata salamu. Mama wa Pamela atakuja kutoka Homa Bay kumwona bintiye akifundisha. Bibi yule mzee namkumbuka, hajui hata good morning.

Kwa hiyo Pamela atafanya nini? Atamkana mamake kwa Kiingereza, au atateleza. Mimi nitakuwa karibu.

Nimefanya mazoezi ya kusema: Madam, you get the disk. Nimelisema kwa kuku, kwa sufuria, kwa Ochieng. Ochieng alicheka.

Ijumaa, 24 Februari

Niandike kabla sijasahau.

Mama wa Pamela alifika amechelewa, na fimbo, na jogoo chini ya kwapa. Pamela alikuwa mbele na darasa lake. Akamwona. Akasema, "Welcome, get a seat," kama anavyomwambia mgeni yeyote. Mzee akabaki amesimama juani, akimtabasamia bintiye, akingoja salamu. Watoto wakaanza shairi. Nikafikiri, amemkana. Nikamchukia mara mbili.

Mzee akatafuta kiti peke yake. Akakanyaga vibaya ngazi ya darasa, akaanguka kifudifudi. Jogoo akaruka. Pamela akapiga ukelele: "Mama! Mama, ihinyori?" Umeumia? Akakimbia, akapiga magoti na nguo yake nyeupe, akampangusa vumbi, akimwita majina yote ya utotoni. Dholuo, ndani ya ua, mbele ya hedimasta na wazazi wote.

Nikainuka. Sikufikiri. Nikatoa mfupa mfukoni, nikasema sentensi yangu bila kosa, nikamvalisha.

Watoto walicheka kwanza. Halafu wazazi. Ilikuwa tamu kama muwa. Nasema ukweli, sitajidanganya humu. Tamu mpaka masikio yakaziba.

Pamela hakuuvua. Mkono mmoja ulimshika mamake, mwingine uliendelea kupangusa vumbi ambalo halikuwepo tena. Machozi yalikuwa yale yale ya dawati letu. Mzee akauliza kwa upole, hicho ni nini wamekupa mwanangu, ni zawadi?

Hapo nikavutwa sketi. Atieno ametoka kwenye mstari. Akasema kwa Dholuo, kwa sauti ya kufika barabarani: "Mama, mvue! Mvue, analia!"

Ua wote ukasikia. Hedimasta akasikia. Mimi nikaisikia sauti hiyo kama mtu aliyerudishiwa mgonjwa wake amepona. Na maneno yake ya kwanza yalikuwa ya kunikataza.

Nikamvua. Pamela hakunitazama, alimtazama Atieno. Nilimshika mwanangu bega, nikiwa tayari kupigana na yeyote atakayemsogelea na mfupa. Hakuna aliyesogea. Hedimasta alikohoa, akaendelea na hotuba.

Jumapili, 26 Februari

Mvua. Omena imeingizwa ndani, nyumba yote inanuka.

Pamela sijamsamehe. Nimejaribu kanisani, msamaha haukushuka. Nitakuwa namchukia kidogo kidogo, kama mtu anayemaliza dawa. Sitampimia mchanga tena.

Atieno ameongea tangu asubuhi. Kwa Ochieng, kwa kuku, kwa mvua. Lugha zote zimechanganyika. Kwa nini omena ina macho, Baba anarudi lini, yule dana, bibi wa jogoo, aliumia goti, samaki wanalala? Kichwa kinaniuma. Nimelala kitandani nikamwomba anyamaze kidogo, Mama amechoka.

Akanyamaza mara moja. Macho yakawa makubwa.

Nikaketi. Nimemwambia, hapana, sema. Samaki. Umesema wanalala vipi?